Maadili au mwenendo? Kisa cha Linux na ulimi wa wakubwa

Mwezi uliopita alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi huandika programu za tarakilishi hapa Nairobi. Yeye na wenzake wana mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu aweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza bila kumpigia mtu magoti. Walikuwa wameamua kuandika waraka wa kuwaongoza jinsi ya kuzungumza na kutendeana kazini, tena walitaka uwe wa Kiswahili. Swali lake lilikuwa fupi: "Prof, tuuite kanuni za maadili ama kanuni za mwenendo?"

Nilimjibu harakaharaka, kama tufanyavyo wazee tukiulizwa jambo la lugha tukiwa mezani, kwamba achague linalompendeza. Hapa Kenya tumezoea "kanuni za maadili". Wagombeaji wa uchaguzi hutia saini kanuni za maadili, walimu wanazo zao, na Sura ya Sita ya Katiba yetu inahusu uongozi na maadili. Nikakata simu, nikarejea kwa chakula changu. Lakini usiku nilikosa amani. Nilikumbuka kwamba kuna jamii nzima ya wanaprogramu iliyokaribia kugawanyika kwa sababu ya tofauti hiyohiyo niliyosema haipo. Jamii hiyo ni ya Linux, na kisa chake ndicho nitakachosimulia leo.

Kabla ya kisa, neno moja kuhusu "msimbo". Vijana wengi husema "kodi". Kodi ninayoijua mimi ni ya nyumba na ya serikali, na zote mbili hunikondesha, kwa hiyo nitaambaa na "msimbo". Vilevile nitasema "tarakilishi" ingawa msomaji wa Dar es Salaam atataka "kompyuta". Ugomvi huo tuuache kwa siku nyingine.

Linux ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hasa alichokitunga ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayozifanya programu na mitambo zielewane. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android, zikiwemo zile tunazotumia kutuma pesa kwa wazazi mashambani, na ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani. Watu wanaokiandika wametawanyika kila bara. Wengi wao hawajawahi kuketi chumba kimoja.

Sasa fikiria namna wanavyofanya kazi. Mtu akiona kasoro huandika kiraka, yaani kipande kidogo cha msimbo cha kuziba pale palipotoboka. Hukituma kwa barua pepe kwenye orodha ya wazi. Mtunzaji wa sehemu hiyo hukisoma, hukikosoa, hukirudisha, na kikitimia hukipitisha kwa mkubwa wake, hadi kinapomfikia Torvalds mwenyewe. Barua zote hizo husomwa na yeyote atakaye na huhifadhiwa miaka nenda miaka rudi. Hakuna mahali pa kumvuta mtu kando na kumnong'oneza, "Ndugu yangu, hapa umekosea." Ukikemewa, unakemewa barazani, na mjukuu wako ataweza kuyasoma.

Torvalds alikuwa mkali, na hakuuficha ukali huo. Mnamo Desemba 2012 mtunzaji mmoja wa siku nyingi alidai kwamba programu fulani za watumiaji ndizo zenye kosa, ilhali zilikuwa zimeharibiwa na badiliko lililofanywa ndani ya kiini. Torvalds alimjibu kwa herufi kubwa na maneno ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyapitisha. Ukiyaondoa matusi, hoja ilikuwa safi kabisa. Kiini kisiharibu programu za watu zilizokuwa zikifanya kazi jana, na kikiziharibu, kosa ni la kiini, basi. Sheria hiyo ni miongoni mwa sababu zilizowafanya watu kuiamini Linux. Hilo ndilo lililofanya kesi yake iwe ngumu. Mzee alikuwa na haki katika jambo, akakosa haki katika namna ya kulisema, na wafuasi wake waliyaona mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja.

Julai 2013 mtu mmoja aliyatenganisha hadharani. Sage Sharp, wakati huo wa kampuni ya Intel, alikuwa mtunzaji wa sehemu ya kiini inayohudumia USB 3.0. Katika mjadala ambamo watunzaji wakubwa walikuwa wakitaniana kuhusu haja ya kuwakemea watu zaidi, Sharp aliandika kuwataka waache matusi na vitisho. Alieleza kwamba hapingi kiraka kibovu kukataliwa. Alichopinga ni mwenye kiraka kudhalilishwa. Torvalds alikataa katakata. Alisema yeye hukaa nyumbani akifanya kazi kwa vazi la kuogea, na kama vile hataanza kuvaa tai ili aonekane mtu wa ofisi, hataanza kujifanya mpole. Kwake, upole wa maofisini ulikuwa unafiki, watu wakitabasamu mchana na kuchimbiana usiku. Afadhali tusi la wazi.

Nakiri kwamba ningesoma jibu hilo mwaka huo ningelipigia makofi. Nilikuwa nimesimamia tasnifu kwa miaka mingi na nilijulikana kwa kalamu yangu nyekundu. Nilijivunia sifa hiyo. Niliamini kwamba mwanafunzi asiyeweza kuhimili maneno yangu hataweza kuhimili watahini wa nje, na kwamba walimu walionikaripia mimi ndio walionijenga. Palikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyeniletea sura ya pili ya tasnifu yake kuhusu misimu ya matatu. Niliandika pembezoni maneno ambayo sitayarudia, kisha nikamsomea kwa sauti mbele ya wenzake wanne kwenye semina. Kosa nililolitaja lilikuwa kosa kweli. Hakuwa ametenganisha data na uchanganuzi. Hakurudi tena. Nilijisemea ameshindwa na kazi. Nikaendelea na ratiba.

Nimekitaja kisa changu kwa kuwa kilinifundisha kuwasoma watetezi wa Torvalds bila kuwadharau. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa wenyeji. Mwenyeji huijua mila ya nyumba bila kuambiwa. Anajua babu akifoka ana maana gani, na anajua kesho watacheka. Mgeni hajui. Mgeni huona mzee anafoka, huchukua kofia yake na kwenda. Na kwa kuwa ameondoka kimya, mwenyeji huendelea kusema kwamba katika nyumba hii hakuna anayelalamika.

Si kwamba dunia ya programu huria haikuwa na mfano mwingine. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha mfumo uliojengwa juu ya kiini hichohicho cha Linux na akauita Ubuntu. Msomaji wa safu hii hahitaji kufasiriwa. Mzizi ni ule wetu wa "mtu" na "utu", na ninaona raha kila ninapokumbuka kwamba mamilioni ya Wazungu hulitamka neno la Kibantu kila wawashapo tarakilishi zao. Ubuntu ilizaliwa na waraka wa mwenendo mkononi. Rasimu yake iliandikwa na Benjamin Mako Hill, na uliwataka washiriki wawajali wengine, waheshimiane, washirikiane, waulize wasipojua, na mtu akiacha jukumu aliache vizuri bila kuwaachia wenzake mzigo usioelezwa. Aliyetaka uanachama alitia saini ya kidijitali. (Mwaka huohuo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, na istilahi kadhaa tunazozitumia leo zilisuguliwa katika kazi hiyo.)

Tofauti kati ya Ubuntu na Linux haikuwa ya tabia njema na tabia mbaya. Ubuntu ilikuwa na kibao mlangoni kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi. Linux ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya mazoea, na kuandika kanuni katika nyumba ya namna hiyo ni kuwaambia wazee waliokaa vitini kwamba hata wao watapimwa.

Msukumo mwingine ulitoka kwenye makongamano. Wanawake waliohudhuria mikutano ya wanaprogramu walikuwa wamechoka kushikwashikwa na kufanyiwa mizaha michafu. Mwishoni mwa 2010 Valerie Aurora alisaidia kutunga sera ya kuzuia bughudha ambayo kongamano lolote lingeweza kuichukua, na mwaka uliofuata yeye na Mary Gardiner wakaanzisha Ada Initiative ili kuisukuma mbele. Mwaka wa 2012 wakfu unaosimamia lugha ya programu ya Python ukatangaza kwamba hautafadhili kongamano lisilo na kanuni za mwenendo. Debian, mradi mkongwe ambao Ubuntu ilichipuka kwake, ulipiga kura na kupitisha kanuni zake mwaka wa 2014. Mwaka huohuo Coraline Ada Ehmke akaandika waraka mfupi unaoweza kunakiliwa na mradi wowote, aliouita kwa Kiingereza jina lenye maana ya agano la wachangiaji. Ulienea kama moto wa nyika.

Linux ikajibu kwa njia yake. Machi 2015 kiini kiliongezewa waraka ulioandikwa na Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa pili kwa uzito baada ya Torvalds. Jina lake lilikuwa mchezo wa maneno. Pale ambapo wengine waliandika "mwenendo", wao waliandika "mgogoro". Waraka ulisema, kwa ufupi, kwamba kazi ya mtu itachunguzwa na kukosolewa vikali, ndivyo mambo yalivyo, ila mtu akihisi ameonewa yeye binafsi anaweza kuwaandikia wajumbe wa Bodi ya Ushauri wa Kiufundi ya Wakfu wa Linux. Mimi ninaposoma matini huangalia sentensi imempa nani mzigo. Hapa mzigo ulikuwa wa aliyeumizwa. Hapakuwa na orodha ya makosa, wala maelezo ya nini kitamfika mkosaji. Oktoba mwaka huohuo Sharp alitangaza kwamba alikuwa ameacha kazi ya kiini na akaeleza kwa nini: hakuweza kuendelea katika jamii ambamo ukali na utani wa kuwadhalilisha watu vilionekana kuwa kawaida.

Miaka mitatu ikapita.

Jumapili tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds alituma barua yake ya kawaida ya kutangaza toleo la majaribio, 4.19-rc4. Ilianza na habari za viraka. Kisha ikaingia kwenye jambo la ajabu. Mkutano wa kila mwaka wa watunzaji ulikuwa ufanyike Vancouver, Canada, naye akawa amepangia safari ya Scotland na familia yake siku zilezile, kwa bahati mbaya. Wenzake, badala ya kukutana bila yeye, wakauhamishia mkutano Edinburgh. Katika kulitafakari hilo aligundua kwamba moyoni alikuwa ameona afueni ya kutohudhuria. Kisha akaomba radhi kwa watu aliowaumiza kwa mashambulizi yake katika barua pepe, akasema atapumzika kwa muda, na atatafuta msaada wa kuelewa hisia za watu na namna ya kuzijibu. Siku hiyohiyo waraka wa mgogoro uliondolewa, mahali pake pakawekwa agano la Ehmke, toleo la 1.4, likiwa na saini za Torvalds na Kroah-Hartman. Siku tatu baadaye jarida la The New Yorker, ambalo lilikuwa limemhoji kuhusu tabia yake, lilichapisha makala. Wapo wanaosema radhi ile ililetwa na jarida. Huenda lilichangia. Lakini mtu anaweza kusukumwa mpaka mlangoni, kuuvuka mlango ikawa ni hiari yake.

Kelele zilizofuata ndizo zilizonirudisha kwenye swali la simu. Waliopinga hawakusema wanataka kuendelea kutukana. Wachache walisema hivyo. Wengi walisema waraka huu utawapima watu kwa imani zao. Walielekeza kidole kwa Ehmke mwenyewe, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametoa ilani ya kupinga dhana kwamba kipimo pekee cha mtu ni ubora wa msimbo wake, wakasema hiyo ndiyo siri iliyofichwa ndani. Waliogopa kufukuzwa kwa kauli walizotoa kwingine, kuhusu siasa au dini. Baadhi wakatishia kuondoa ruhusa ya kutumia msimbo waliouchangia, hatua ambayo wanasheria wengi wa fani hiyo walisema leseni haiiruhusu. Tishio likafifia.

Ukiusikiliza ubishi huo kwa sikio la Kiswahili, upande mmoja unasoma "maadili" na upande wa pili unasoma "mwenendo". Maadili yanakaa ndani. Ni yale mtu anayoyaamini kuwa mema, aliyolelewa nayo, ambayo atayajibu kwa Mungu wake au kwa dhamiri yake. Mwenendo unatokana na kwenda. Ni jinsi mtu anavyopita mbele za watu, na watu wanaweza kuushuhudia. Huwezi kuandaa kikao cha kuamua kama moyo wa mtu ni safi. Unaweza kuandaa kikao cha kuamua kama barua ya Jumanne ilikuwa na tusi.

Ushahidi wa tofauti hiyo ulijitokeza mwezi uliofuata, tena mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Richard Hipp ndiye mtunzi wa SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo katika karibu kila simu ya kisasa. Kwa kuwa wateja walikuwa wakimwuliza kanuni zake ziko wapi, alikuwa ameweka kanuni 72 kutoka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mtawa wa karne ya 6, zinazoanza na kumpenda Mungu kwa moyo wote. Oktoba 2018 watu wakaziona na kukawa na rabsha. Wengine walidhani ni kejeli. Hipp alisema hafanyi mzaha, ndivyo anavyojitahidi kuishi. Mwisho wa yote hakuzifuta. Alizibadilishia jina tu, akaziita kanuni za maadili, na kwa upande wa mwenendo akachukua mwongozo uliotoka Mozilla. Mhandisi wa hifadhidata alikuwa amefanya kazi ya mwanaleksikografia kunishinda mimi! Mwezi huohuo Richard Stallman, baba wa programu huria na mwanzilishi wa mradi wa GNU wa mwaka 1983, akatoa miongozo ya kuzungumza kwa wema, akisisitiza kwamba si sheria na haina adhabu. Anataka watu wafundishike. Ninamwelewa, ila mwongozo usio na mtu wa kuusimamia haumsaidii aliyekwisha kutukanwa.

Wenyewe wa Linux walilazimika kufafanua. Kabla toleo la 4.19 halijatoka rasmi tarehe 22 Oktoba, waliongeza waraka wa pili unaoeleza namna ya kuusoma wa kwanza. Uliweka wazi kwamba kuna kamati ya kupokea malalamiko, ukampa kazi ya upatanishi mwanasheria Mishi Choudhary, na ukataka kamati itoe ripoti mara kwa mara. Kuhusu watunzaji, uliwaomba wasaidie pale penye tatizo na wasione haya kuomba msaada. Torvalds alirejea kazini wiki hiyohiyo, Edinburgh, kwenye mkutano uleule aliotaka kuukwepa.

Mwishoni mwa Novemba likatokea jambo lililonichekesha. Mchangiaji mmoja alituma viraka vya kuondoa tusi maarufu la Kiingereza lenye herufi nne katika maelezo yaliyomo ndani ya msimbo, mahali pake akitia neno lenye maana ya kukumbatia. Basi ukasoma maelezo ya mitambo inayokumbatiwa kila upande. Wenzake wengi waliona ni upuuzi, na viraka havikufika mbali. Walikuwa sawa. Mwanaprogramu aliyeandika mwaka 1998 kwamba chipu fulani ni takataka hakumtukana mtu. Kanuni hazikuwa na kazi ya kuosha kamusi. Zilihusu mtu na mtu.

Je, zilifanya kazi? Torvalds hakugeuka malaika. Bado hukataa msimbo mbovu kwa maneno makali, na mara mojamoja hupitiliza. Ila sasa kuna mahali pa kumpeleka hata yeye. Kipimo halisi kilikuja Novemba 2024. Mwandishi wa mfumo mmoja wa faili, mtu ambaye kazi yake ilikwishaingizwa katika kiini na ilisubiriwa na watu wengi, alimwandikia mwenzake maneno ya kumdhalilisha. Kamati ilitaka aombe radhi hadharani, kwa kuwa tusi lilitolewa hadharani. Hakufanya hivyo. Kamati ikapendekeza, na Bodi ya Ushauri wa Kiufundi ikakubali, kwamba viraka vyake visipokelewe katika mzunguko mzima wa toleo la 6.13. Watumiaji wa mfumo wake waliumia, na wapo waliosema mashine haijali matusi, kwa nini msimbo mzuri uadhibiwe. Hata hivyo hakuna aliyemwuliza mtu huyo anaamini nini kuhusu siasa. Waliisoma barua yake. Ile hofu ya 2018 kwamba mioyo itapekuliwa, katika kesi hiyo haikutimia. Naona pia kwamba adhabu ilikuwa na kikomo. Ilihusu mzunguko mmoja, na baada ya hapo mlango ulikuwa wazi.

Nilimpigia tena mwanafunzi wangu wa zamani siku ya tatu. Nikamwambia nilimjibu ovyo; aandike "kanuni za mwenendo". Akacheka, akasema walikuwa wameshaandika "maadili" na wawili kati yao walikuwa tayari wanabishana kuhusu kama mtu anayekunywa pombe anaweza kuwa mwanachama. Nikamwomba anitumie rasimu. Ilikuwa nzuri, Kiswahili chake kimenyooka kuliko nilivyomfundisha. "Bughudha" ameitumia vizuri, na hakuichanganya na "unyanyasaji", kwa kuwa bughudha inaweza kuwa ya maneno madogomadogo yanayorudiwa kila siku, wala si lazima mtu awe na cheo ili abughudhi. Nilirekebisha viambishi viwili vitatu, kwa kalamu ya buluu.

Kuhusu yule wa misimu ya matatu, nilimtafuta mwaka wa 2019 kupitia wenzake wa darasa. Nilipewa nambari ya simu, nikaambiwa anafundisha shule ya upili na anafanya vizuri. Niliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikautuma. Alama mbili za buluu zilitokea, lakini jibu halijaja, na sidhani ananiwia jibu.

Rasimu ya Nairobi ilikuwa na pengo moja. Kwenye kipengele cha mwisho, palipoandikwa kwamba malalamiko yapelekwe kwa, palifuata nukta kumi na mbili. Nilimwandikia nikimwuliza majina yako wapi. Alijibu kwamba wote wamekubaliana na waraka mzima, lakini hadi sasa hakuna aliyekubali jina lake liwekwe hapo, na kwamba Jumamosi wangekutana mtaani South B kujaribu tena.